Damu ya Mwenye Duka

Siku niliyotoa damu kwa mara ya kwanza nilikwenda kusaidia, si kutibiwa. Watafiti wa chuo kimoja walikuwa wamefika Bariadi kupima damu za wakulima wa pamba, waone dawa ya kupulizia imewaingia mwilini kiasi gani. Wakahitaji pia watu wachache wasiokwenda shambani, wa kulinganisha nao. Mwenyekiti wa mtaa akapita madukani kutuomba. Mimi nilikuwa na duka la pembejeo nyuma ya stendi, na mgongo wangu haujawahi kubeba bomba la kupulizia hata siku moja. Nikafunga duka, nikamshika mwanangu Rahma mkono, tukaenda.

Kipimo kilikuwa kidogo tu: tone moja la kidoleni na kimashine kinachoenea kiganjani. Binti aliyepima alikuwa mcheshi, akasifu hina yangu. Kimashine kilipolia akakitazama. Akafuta kidole kingine kwa pamba yenye spiriti, akachoma tena. Kikalia tena.

"Dada, unalima wapi?"

"Silimi."

"Mumeo je?"

"Yeye analima mpunga kwao, Mwamanyili, kule karibu na ziwa. Pamba hajalima."

"Sasa wewe unafanya kazi gani?"

"Nauza dawa za pamba."

Akaweka kalamu chini. "Unaziuzaje?"

Nikamweleza jinsi nilivyouza, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia kama namsema mtu mwingine. Mkulima wa eneo dogo hataki chupa kubwa. Kwa hiyo nilifungua dumu, nikamimina kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha, nikipima kwa kifuniko. Nilifanya hivyo chumbani kwetu, nyuma ya duka, mlango umefungwa, kwa sababu bwana shamba alishatukataza. Msimu ukianza, stoo ilijaa, na katoni nyingine zilikaa chini ya kitanda.

"Na huyu mtoto analala wapi?"

"Kitandani. Na mimi."

Wakamchoma Rahma kidole. Alikuwa na miaka mitano. Hakulia sindano ilipoingia. Alilia alipoiona damu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyekaa leo kwenye benchi fulani akisubiri majibu ya damu yake, au ya mtoto wake, na hajui aulize nini. Mimi sikujua. Mambo ya kitaalamu siyawezi, hayo mwachieni daktari. Nitasema yaliyonipata.

Daktari aliyewaongoza wale watafiti nitamwita Daktari Neema, ingawa si jina lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye kusema neno moja moja. Alitoka nje kunifuata, tukakaa kwenye ngazi za jengo. Akaniambia katika damu ya mtu kuna kitu kinacholinda mishipa ya fahamu, na dawa hizi hukila kitu hicho. Changu kilikuwa kimeshuka kuliko cha wakulima wengi aliowapima wiki ile. Cha Rahma kilikuwa kimeshuka vilevile.

"Dawa yake ni ipi?" nikamuuliza.

"Kukaa mbali. Kitarudi chenyewe, polepole, mkikaa mbali. Mtoto asilale tena ndani ya ile nyumba. Na wewe funga duka."

Akachukua pia damu nyingine ya mkononi, chupa mbili ndogo, akasema zinakwenda kupimwa mbali, zitafutwe kemikali za zamani zinazokaa mwilini miaka mingi. Majibu ya hizo yangechukua miezi.

Hapo ndipo nilipokumbuka misimu mitatu iliyopita. Kila mvua zikianza na pamba ikiota, mimi naumwa. Kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, jasho linanitoka nimekaa kivulini. Nilipimwa malaria, hakuna. Nikaambiwa taifodi, nikanywa vidonge. Msimu ukiisha napona, nawashukuru walionipa vidonge. Rahma naye alikuwa na mafua yasiyoisha na mate yakimtoka usingizini. Nilimfunga kitambaa shingoni nikasema ni meno.

Mume wangu Shabani alikuja siku ya pili yake kwa pikipiki. Ni mtu wa maneno machache, Msukuma wa Mwamanyili ambaye babu yake alisilimu. Mimi kwetu ni Kondoa. Nilikuja Bariadi na kaka yangu kufanya biashara nikakutana naye hapa. Akasikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Tunaondoka wote?"

"Mchukue Rahma kwanza," nikasema. "Nimalize mzigo uliopo, nije."

Akanitazama. "Hadija, daktari kasema ufunge."

"Nitavaa glavu."

Daktari Neema alikuwa amekataza kitu chochote cha kitambaa kutoka katika nyumba ile kwenda alikokwenda mtoto. Nilimnunulia gauni jipya, nikamwogesha nyumbani kwa jirani, nikamvalisha palepale. Akapanda mbele ya baba yake kwenye tangi la pikipiki, akanipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni na atarudi mchana. Hakuwahi kulala mbali na mimi hata siku moja. Nikasimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu. Rahma hali vizuri na hataki kulala. Anataka kanga ya mama, ile aliyozoea kujifunika. Nikasema haiwezekani. Nikaenda dukani kwa Mpemba mmoja pale sokoni, nikachagua kanga nyekundu inayofanana na ile, nikaitoa dukani moja kwa moja kumpa mtu aliyekuwa anakwenda Busega, upande wa Mwamanyili. Haikuingia nyumbani kwangu hata kidogo. Nilifurahi. Nikaona nimempata mwanangu kwa ujanja.

Jioni Shabani akapiga.

"Ameikataa."

"Kwa nini? Si nyekundu?"

"Ameinusa, akaitupa. Anasema hainuki mama."

Nililifungua sanduku, nikatoa ile kanga ya zamani, nikaisogeza puani. Mimi sikusikia kitu. Pua yangu ilishazoea zamani. Nikampelekea jirani yangu Mama Jeni, Mlutheri mmoja aliyekuwa akishona nguo mlango wa pili, nikamwambia hebu inuse. Akainusa, akageuza uso haraka.

"Dawa," akasema. "Dawa ya pamba. Wewe siku zote unanukia hivi, mama Rahma. Sisi tumezoea tu."

Basi hicho ndicho mwanangu alichokuwa akikililia. Kilichokuwa kikimuumiza ndicho alichokijua kuwa ni mimi.

Ungedhani siku ile nilifunga duka. Sikufunga. Nataka hili lisomwe vizuri na yeyote atakayenionea huruma. Msimu ulikuwa umepamba moto, watu walikuwa wanatoka Zagayu, wanatoka Mwamapalala, wamepanga foleni mlangoni. Pamba zao zilikuwa zimeingiwa na funza. Nikajiambia nawasaidia. Nikajiambia nikifunga sasa nitakuwa nani mjini hapa? Wanawake wangapi walikuwa na duka la pembejeo kwa jina lao wenyewe? Nilivaa glavu za mpira siku mbili. Siku ya tatu zilinitoa jasho nikazivua.

Nikihesabu siku zile nazihesabu kwa mapulizo ya pamba, kila zamu ya wakulima kupulizia. Pulizo la kwanza, nilikuwa nikimpigia Rahma kila asubuhi na kila jioni. Alikuwa akilia nami nikilia. Pulizo la pili, aliacha kulia, nikawa nalia peke yangu. Siku moja nikamsikia kwa mbali kwenye simu akiita, "Mama! Mama!" Nikaitika, "Abee mwanangu!" Kumbe alikuwa hanisemeshi mimi. Kwa Kisukuma mama ni bibi, na alikuwa akimwita bibi yake aje amfungulie mlango wa banda la mbuzi. Neno lenyewe nalijua, nimekaa Usukumani miaka kumi. Lakini kulijua hakukunisaidia. Nilikaa na simu sikioni nikisikiliza mbuzi.

Pulizo la tatu, dumu lilinipasukia. Nilikuwa nalifungua kizibo kwa meno, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeanza kukosa nguvu. Dawa ikanimwagikia kifuani na mapajani. Nilijifuta na kanga, nikaendelea kumhudumia mteja. Baada ya muda mfupi macho yakawa madogo kama ya kuku, sioni; mate yakanijaa kinywani; misuli ya mikono ikaanza kurukaruka chini ya ngozi kama kuna wadudu. Nakumbuka nilimwambia yule mteja, "Subiri chenji," nikaanguka.

Mama Jeni ndiye aliyenivua nguo zote, akanimwagia maji ya ndoo mbili mbele ya duka, stendi nzima ikitazama. Wengine walimlaani kwa kunidhalilisha. Daktari hospitalini aliniambia baadaye kwamba pengine ndiye aliyeniokoa.

Sindano walizonichoma zilinikausha mdomo mpaka ulimi ukagandana na kaakaa, na moyo ulipiga kama wa mtu anayefukuzwa. Zilinifanya pia nione visivyokuwepo. Mchana kweupe nilimwona Rahma amekaa miguuni pa kitanda akihesabu vidole vyake. Nilizungumza naye. Nilimwambia ashuke asije akaanguka. Nilipopata fahamu na kuona pale miguuni kuna blanketi tu la hospitali, nililia kwa hasira. Nilitaka wanichome tena.

"Mwangaluka, mayu," sauti ikasema kutoka kitanda cha jirani: habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma.

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amefungwa kitambaa cheusi kichwani, mikono yake inatetemeka juu ya shuka.

"Mwangaluka," nikajibu.

"Umemwita Rahma siku mbili. Ni mwanao?"

"Mwanangu."

"Amekufa?"

"Hapana. Yuko kwa bibi yake."

"Basi usilie hivyo," akasema. "Utamwitia mabaya."

Jina lake Limi, wa Zagayu. Alikuwa amepulizia shamba mwenyewe kwa sababu mumewe alikuwa safarini na ng'ombe. Upepo ukageuka, akarudi nyumbani anatapika. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akakunja uso.

"Wewe si mama wa duka la nyuma ya stendi? Wa kifuniko kimoja kwa ndoo?"

Nilitamani kujifunika shuka. Chupa yake ilikuwa ya maji ya kunywa, haina karatasi ya maelezo, haina alama ya hatari. Mimi ndiye niliyeijaza. Nikamwambia, "Ndiye mimi, mayu."

"Na wewe unaumwa nini?"

"Hiyohiyo."

Nilisubiri anitukane, nilitaka anitukane. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomtikisa mabega, akafuta macho kwa kiganja. "Basi kumbe hukutupendelea wala hukujipendelea," akasema. Ndugu zake walipoleta uji alisisitiza nipewe nusu, na kwa kuwa mikono yangu haikuweza kikombe, binti yake alininywesha. Nimeombwa msamaha na watu katika maisha yangu, nami nimeomba. Sijawahi kusamehewa kwa namna ile, bila mtu kulitaja neno lenyewe.

Duka lilifungwa nikiwa wodini. Shabani alimwita bwana shamba, wakaja watu na gari wakachukua kila kilichokuwemo, hata godoro. Aliponiambia niliinamisha kichwa tu. Sikulia kwa ajili ya duka mpaka baadaye sana, na nikilia nilikuwa naona aibu.

Nilidhani nikitoka hospitali nitakwenda Mwamanyili wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimeshamwambia Rahma kwenye simu, lala mara tatu utaniona. Lakini nilitoka dhaifu, tukapanga kwanza chumba upande wa pili wa mji, nipate nguvu kidogo. Wiki ya tatu nikaamka miguu haipo. Namaanisha niliiona, lakini sikuisikia. Nilipojaribu kusimama, magoti yalikunjika. Nyayo zilikuwa kama za mtu mwingine aliyezisahau kwangu. Daktari akasema hutokea kwa baadhi ya watu baada ya sumu ya namna hii. Kwamba nguvu itarudi kwa mazoezi, ila ganzi huenda isiishe yote.

Hapo ndipo ndoa yangu ilipopimwa. Shabani aliacha mpunga wake kwa mdogo wake, akaja kuniogesha, kunipikia, kunibeba mgongoni mpaka barabarani siku za kliniki. Hakunilaumu kwa mdomo. Lakini siku moja alikuwa akinikausha miguu kwa taulo, akasimama ghafla, akasema ameelekea ukutani:

"Ulisema utavaa glavu."

Nikavuta kanga nikaifunika miguu.

"Ningekufunga kamba siku ile nikuondoe. Nilikuonea haya. Nilisema ni duka lako, kazi yako. Nilikuheshimu, Hadija. Sasa najiuliza heshima gani ile."

Akatoka. Alirudi baada ya saa nzima na chapati mbili kwenye gazeti, tukala. Mama yake alikuwa mkali zaidi. Aliniambia kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Mtoto unamtaka, au unataka dumu? Sema moja." Alikuwa na haki. Nilimchukia miezi miwili.

Kila mwezi nilikwenda kupimwa. Yale mabenchi nayajua yote. Nalijua lile lenye mguu mfupi, naijua feni isiyozunguka na dirisha ambalo jua hupitia mchana likakufukuza. Wakulima tuliopimwa pamoja mwanzoni walikuwa wakija pia, wale waliokutwa damu zao zimeshuka. Tulikuwa tunaulizana namba kama watoto wa shule wanavyoulizana matokeo. "Yako imepanda?" "Kidogo." "Yangu imekaa palepale." Binti wa kimashine hakuisifu tena hina yangu, alishika mkono wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa tone moja. Damu ilipanda polepole mno. Ukiwa unasubiri damu ipande, hakuna cha kufanya. Huwezi kuifukuza kama ng'ombe.

Pamba zikavunwa. Malori yalipita na marobota, nyuzi nyeupe zikanasa kwenye miiba kandokando ya barabara. Nilikaa kibarazani nikiziangalia, nikijua ni shamba gani lilinunua nini kwangu.

Katika msimu huo wa mavuno Shabani alimleta Rahma anione. Nilijiandaa siku nzima. Nilikaa kwenye kiti, nimejipaka wanja, miguu nimeifunika. Akaingia na gauni lililomfupia, mrefu kuliko nilivyomwacha, meno mawili ya mbele hayapo. Nikanyoosha mikono. Mikono ikatetemeka, ikagonga kikombe cha chai kilichokuwa pembeni, kikaanguka na kuvunjika. Akaruka nyuma ya baba yake. Nikamwita, nikainuka nimfuate kwa kusahau, nikaanguka kifudifudi kwenye chai. Alipiga kelele. Ilibidi Shabani amtoe nje.

Walipoondoka nilimwambia Shabani asimlete tena mpaka nitakapotembea. Sitaki anione hivi, nilisema. Kosa hilo ni langu na nalieleza hapa ili wewe usilifanye. Nilidhani namkinga mtoto, kumbe nilikuwa naikinga sura yangu. Mtoto angezoea mama mwenye kutetemeka katika siku mbili. Asichoweza kukizoea ni mama asiyekuwepo.

Majibu ya zile chupa mbili yalikuja pamba zikiwa zimekwisha kuondoka vijijini. Daktari Neema alikuja mwenyewe kutoka alikotoka, akatukalisha mmoja mmoja chumbani. Akanionyesha karatasi. Katika damu yangu kulikuwa na mabaki ya kemikali zilizopigwa marufuku mimi nikiwa mtoto, nyingine za mashambani na nyingine za viwandani.

"Sikuwahi kuziuza hizi," nikasema.

"Najua. Watu wengi wanazo. Ziko kwenye udongo, kwenye samaki, kwenye mafuta ya nyama. Zako si nyingi kuliko za wengine."

"Zitatoka lini?"

"Hizi hazina haraka. Utaishi nazo."

Nikauliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu mwanzo. "Nilimnyonyesha Rahma miaka miwili. Zilipita kwenye maziwa?"

Hakuangalia pembeni. "Kiasi fulani, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini na wewe usijidanganye kwamba ungemwacha bila maziwa angekuwa salama zaidi. Maziwa yako ndiyo yaliyomkuza."

Nilitoka nikakaa kwenye lile benchi lenye mguu mfupi. Nilimtamani mwanangu siku ile kwa namna ambayo sijui niisemeje. Kifua kiliniuma mahali palepale maziwa yalipokuwa yakishuka zamani. Alikuwa ameacha kunyonya miaka mingi, na kifua bado kilimwita.

Mazoezi nilifanya nikishikilia miti miwili waliyonifungia sambamba hospitalini. Kwanza hatua nne, kisha kumi. Mvua zikarudi. Watu wakapanda pamba. Nilisikia mabomba yakipita barabarani yakigongana na vifuniko, nikafunga dirisha. Limi alikuja mjini kunitembelea. Alikuwa ameacha pamba, amepanda dengu na mtama, na mikono imetulia. Alikuwa na chupa ya maji mkononi. Akaniona naitazama.

"Ni maji," akasema. "Nimenunua imefungwa."

Tukacheka sote.

Mwezi huo kimashine kilionyesha namba ya mtu mzima wa kawaida. Binti alipima mara mbili, kama mwanzo. Ya Rahma ilisharudi zamani. Damu ya mtoto inapanda haraka kuliko yetu. Nikaondoka Bariadi na fimbo moja na begi moja la nguo ambazo zote zilinunuliwa baada ya kuumwa.

Mama mkwe alinipokea uani. Nikapiga magoti kumwamkia, kwa shida. Akanisaidia kuinuka, akasema, "Umekonda," akaingia jikoni. Rahma alisimama mlangoni. "Shikamoo," akasema, kwa adabu, kama anavyowaamkia wageni. Nikaitikia marahaba. Usiku alikwenda kulala kwa bibi yake bila kuuliza mtu. Nilijilazimisha nisiseme kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano vilevile. Nilikuwa nyumba moja naye na nilimtamani kuliko nilipokuwa Bariadi, kwa sababu sasa nilisikia anavyopumua upande wa pili wa ukuta.

Mpunga ulikuwa umechanua, na ndege walikuwa wameanza kuuvamia. Rahma na wenzake walikuwa wakishinda majarubani mwa mpunga kuamia ndege, wakipiga makopo na kurusha udongo. Siku ya nane bibi yake akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Kwa kawaida hupeleka mwenyewe. Akanipa mimi.

"Peleka," akasema.

"Mama, kule kuna matope. Miguu yangu haisikii chini."

"Peleka."

Nilifika ukingoni mwa jaruba la kwanza nikasimama. Njia ilikuwa juu ya tuta jembamba, maji huku na maji huku. Fimbo ilizama. Rahma alikuwa upande wa pili, juu ya kichuguu, na kopo lake. Akaniona nimesimama. Alikaa akinitazama kwa muda, kisha akashuka akaja mbio juu ya tuta, miguu mitupu, akasimama hatua mbili mbele yangu.

"Mbona huji?"

"Sijui pa kukanyaga. Miguu yangu imekufa ganzi. Siwezi kusikia kama ni pagumu au ni laini."

Akaitazama miguu yangu. Akachuchumaa, akabonyeza unyayo wangu kwa kidole.

"Hapa husikii?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Na hapo."

Alifikiri. Akachukua kile kifurushi cha viazi, akakining'iniza shingoni, akanipa mkono wake uliojaa tope.

"Mimi nasikia," akasema. "Kanyaga nilipokanyaga. Hapo usiweke, panazama. Weka hapa."

Nikaweka.

"Na hapa. Taratibu, mama. Na hapa."